Maji ya Kuoshea Kalamu

Lisekese, Masasi
9 Agosti 1953

Mdogo wangu Mabel,

Nakusalimu wewe na shemeji yangu Mwalimu Edmund, na kila mtu wa hapo Newala anayeniulizia. Sisi hapa wazima. Mke wangu Yuliana alisumbuliwa sana na jino, limeng'olewa, na sasa anakula vizuri na kunigombeza vizuri. Mwanetu Cecil ameingia darasa la pili, lakini mwandiko wake ni kama kuku amepita kwenye majivu. Mihogo imekubali. Kaburi la Mama tulilipalilia Jumapili iliyopita baada ya ibada, na Yuliana akapanda maua pale kichwani.

Nimempa Bwana Nurdini mwenye lori kifurushi chako. Usikifungue kwa pupa. Ndani mna kalamu ya wino, nibu yake ya dhahabu, kutoka duka kubwa la Lindi. Nimenunua mbili, yangu na yako, huwezi kuzitofautisha. Najua hujaacha kuandika daftari lako la kila siku, jinsi Bibi mwalimu alivyotuzoesha kule misheni, mistari michache kila jioni, umefanya nini, nani amekuja, mvua imenyesha au haikunyesha. Mimi pia sijaacha. Ila wewe unaandika kwa kalamu ya risasi, Mabel, na risasi inafutika. Juzi nilifungua madaftari yangu ya shule, kurasa zimegeuka rangi ya moshi, nikashindwa kujisoma mwenyewe. Hapa walimu wenzangu wananicheka. Wanasema kalamu ya bei kubwa ni ya kutia sahihi siku ya harusi, siyo ya kuandika kila siku kwamba kuku ametaga. Nawajibu kwamba anayeandika kila siku ndiye hasa anayeihitaji, maana ndiye anayeishika kila siku.

Masharti yake ni haya. Usimwazime mtu, kwa kuwa nibu huzoea mkono wa mwenyewe na mkono mwingine huiharibu. Wino wa unga uukoroge uishe kabisa. Na kila Jumamosi uioshe kwa maji safi, uvute na kumwaga, uvute na kumwaga, mpaka maji yatoke bila rangi. Usione uvivu. Bakuli moja mbili zinatosha.

Habari ya pipa nimeisikia. Tutaongea.

Ni mimi kaka yako,
Cuthbert


Newala
2 Septemba 1953

Kaka Cuthbert,

Shikamoo. Edmund anakusalimu, kikohozi kimemwachia, amerudi kufundisha. Jirani yetu Mama Mwanaisha naye anakusalimu sana, anasema ukija tena usije mikono mitupu kama safari ile. Pole kwa jino la wifi yangu. Kwa kaburi la Mama nawashukuru, mimi sijafika tangu tulipomzika na linaniuma.

Kalamu imefika. Ni nzuri, sitasema uongo. Ina uzito unaopendeza mkononi, na inateleza juu ya karatasi bila kukwaruza. Nimekwisha kushukuru. Sasa nisikilize.

Bakuli moja mbili zinatosha! Kaka, umesahau mimi naishi wapi? Wewe hapo Lisekese unafika kisimani kabla jasho halijakutoka. Hapa juu hatuna kisima. Tunaondoka giza bado lipo, tunateremka bondeni, tunapanga madebe kwenye chemchemi na kugombana nani amemtangulia nani, kisha tunapanda ule mlima na debe kichwani mpaka magoti yanacheza. Nikifika nyumbani jua limekuwa kali. Debe hilo ndilo la kupikia, ndilo la kunywa, na ndilo la Edmund kunawia uso asiende shuleni na tongotongo. Maji ya kuoshea vyombo nayamwagia mpapai. Halafu kaka yangu ananiandikia nikae kitako nivute na kumwaga! Niliposoma nilicheka, kisha nikakasirika, na hasira hiyo bado ninayo.

Jumamosi ya kwanza niliiosha, usije ukasema sikujaribu. Maji yakatoka ya buluu, nikatia mengine, yakatoka ya buluu. Mama Mwanaisha alikuwa amekaa barazani akitazama. Akaniuliza, "Mwanangu, hicho unachokinywesha ni kalamu au ng'ombe?"

Kalamu yangu ya risasi naichonga kwa kisu cha jikoni. Haiombi maji, haivuji kwenye kitambaa cha meza, ikianguka naiokota. Na ninayoyaandika kila siku ni mihogo na kikohozi cha Edmund. Yakifutika baada ya miaka hamsini nani atalia?

Nilikuomba pipa. Nyumba hii ya mwalimu ina bati, mvua zikija tutakinga maji mpaka tuchoke. Na kabla ya mvua kuna lori linalopanda na maji kila Jumamosi. Mwenye pipa hujaziwa, mwenye debe moja lori halimfai kitu. Mama alisema mbele yako, siku chache kabla hajafa, kwamba zile korosho alizozivuna ni za pipa langu. Ziko wapi?

Kuna sababu ya kulitaka sasa hivi ambayo siwezi kukuandikia wewe. Wewe ni kaka yangu, na kwetu hayo hayasemwi kwa kaka. Basi mstari unaofuata si wako, msomee Yuliana kama ulivyo: Wifi, zile nguo za uchanga za Cecil usimpe mtu, nitazihitaji kabla ya Kwaresima, na safari hii sitaki kuteremka bondeni.

Mdogo wako,
Mabel


Lisekese, Masasi
27 Septemba 1953

Mabel,

Marahaba. Hatujambo. Joto limezidi na nyasi zote zimeungua.

Barua yako umeiandika kwa risasi. Nimeona. Una kalamu ya nibu ya dhahabu mezani, unamwandikia aliyekupa, unachukua kijiti cha risasi kilichotafunwa ncha. Ulifanya makusudi na umefanikiwa.

Unanisomesha habari za maji kana kwamba sijafika Newala. Nimefika. Nimewaona wanawake wa Newala wakiteremka na kupanda, wazee na vijana, na mama yake Edmund aliteremka mpaka nywele zikawa nyeupe, wala sikumsikia akimwandikia kaka yake barua ya matusi. Wewe umekuwa nani?

Korosho za Mama niliziuza mimi, na ndizo zilizonunua kalamu hizi. Sifichi. Unakumbuka Mama alikuwa hajui kusoma. Lakini kila jioni nilipofungua daftari alivuta kigoda akakaa karibu, akaniuliza, "Leo umeandika nini?" nami nikamsomea. Siku nyingine alinisahihisha, "Siyo mbuzi wa Alfani, ni wa shemeji yake." Baada ya kumzika nilikaa na zile korosho nikawaza: jasho hili la mwisho liwe kitu gani? Pipa linashika kutu. Miaka michache linatoboka, linawekwa takataka. Kalamu hii itaandika mpaka Cecil awe na wajukuu. Nikaona tugawane, mimi moja, wewe moja, Mama aendelee kukaa karibu na madaftari yetu yote mawili. Nilidhani utaelewa bila kuambiwa, kumbe nilikuwa namwandalia chakula mtu aliyeshiba.

Mstari wa Yuliana sikumsomea. Yeye hajui kusoma, na mimi si tarishi wa mafumbo ya wanawake. Kama jirani yako mmoja anataka nguo za mtoto, mwambie za Cecil zimekwisha. Zilikuwa laini sana, nimezikata vitambaa vya kufutia nibu.

Pipa litangoja korosho mpya. Kwa sasa teremka kama wenzako.

Cuthbert


Newala
18 Oktoba 1953

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima.

Kalamu sinayo. Bwana Halfani, karani wa Boma, alikuja kumwona Edmund, akaiona mezani. Akaomba aijaribu. Akaandika jina lake, akaliandika tena kwa madoido, akawa haiweki chini hata chai ilipoletwa. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mapipa mawili. Sasa pana moja. La pili liko chini ya bati langu, na jana lori lililijaza mpaka juu.

Ulisema kalamu ya bei kubwa inamfaa mtu anayeandika kila siku. Nakubali. Imenifaa sana. Leo asubuhi nililala mpaka jua lilipoingia dirishani.

Vitambaa vyako vya kufutia nibu, endelea navyo.

Mabel


Lisekese, Masasi
8 Novemba 1953

Mabel,

Sitaanza na salamu. Ukitaka kujua kama tu wazima, muulize Nurdini.

Umeuza zawadi ya kaka yako. Umeiuza na ya Mama humo humo, kwa karani, ili aandikie stakabadhi za kodi! Hujui kwamba kabla sijakuletea niliitumia mwenyewe wiki nzima ili nibu ilainike. Nilisema mkono wangu na wa Mabel ni mmoja, tulifundishwa herufi kwenye ubao mmoja, ikinizoea mimi itakuwa imemzoea yeye. Sasa Halfani anaikandamiza kama anachimba mtaro. Edmund naye alikuwa wapi? Alikaa anakunywa chai akitazama? Mwambie shemeji yangu nimemkasirikia pia.

Na unaniandikia kama mimi ni kaka nisiyejali dada. Nimefungua daftari langu. Sikiliza niliyoandika tarehe 16 Oktoba 1951: "Habari kutoka Newala. Mabel ana homa kali. Mama ameondoka na lori kwenda kumuuguza. Nimetuma kwinini. Upepo mwingi. Nimenunua wino." Umesikia? Mimi ndiye niliyekupelekea Mama. Mimi ndiye niliyetuma dawa. Na iliandikwa kwa wino siku ile ile, haikufutika, ndiyo maana leo naweza kukuonyesha. Hii ndiyo faida ya kuandika vizuri. Mtu hawezi kuja kukugeuzia maneno. Wewe una nini cha kunionyesha, na risasi yako?

Usiniandikie tena mpaka uwe na la maana.

Cuthbert


Newala
29 Novemba 1953

Kaka Cuthbert,

Shikamoo. Ninalo la maana.

Daftari lako linasema uongo. Haikuwa homa. Ilikuwa mimba, na ilikuwa kubwa. Haya, nimeliandika neno hilo kwa kaka yangu, na paa halijaniangukia.

Tulikuwa tunapanda kutoka bondeni na madebe kichwani. Uchungu ukanishika katikati ya mlima, pale njia inapopinda na kuna mawe ya utelezi. Mama Mwanaisha na wenzake wakavua kanga zao za juu wakanizungushia. Debe langu lilikuwa limeanguka, na nakumbuka nililia kwa ajili ya yale maji, kwa sababu sikuwa nimejua bado kwamba kuna kitu kingine cha kulilia. Mtoto hakulia. Walimzika huko huko mlimani. Mtoto wa namna ile haletwi nyumbani, hawekewi matanga, na wanaume wa ukoo hawaambiwi. Edmund alijua kwa kuwa ni mume wangu. Mama alipofika alinikumbatia, kisha akasema, "Kaka yako nimemwambia ni homa." Na kwinini yako ikaja, Cuthbert, nikainywa. Ilikuwa chungu sana na mimi sikuwa na homa, nikainywa yote ili Mama asiwe mwongo.

Sasa nina mimba nyingine. Ndiyo sababu ya pipa. Ndiyo sababu ya nguo za Cecil, ulizozikata kufutia kalamu. Ndiyo mstari uliokataa kumsomea mkeo, ukaona bora uniulize nimekuwa nani.

Unasema wino hauwezi kugeuziwa maneno. Kweli. Uliandika homa na homa imekaa pale miaka miwili, safi, inasomeka. Hata ungekuwa na kalamu ya dhahabu tupu toka kifuniko mpaka ncha ungeandika homa vilevile, maana hukuuliza. Krismasi ile ulikuja hapa. Ulinikuta nimekonda, ukaniona natoka kanisani katikati ya ubatizo wa watoto. Uliniuliza kama napata wino mzuri Newala! Nilitaka kukutupia kikombe.

Mimi siku ile sikuandika chochote. Ni siku moja tu tangu shule ambayo ukurasa wangu ni mweupe. Uliuliza nina nini cha kukuonyesha. Ninao huo.

Mabel


Lisekese, Masasi
24 Januari 1954

Mdogo wangu Mabel,

Barua yako imechelewa kunifikia. Lori la Nurdini lilikwama kwenye tope chini ya mlima, mizigo ikakaa huko sikukuu nzima. Nimeipata wiki hii. Wakati wote huo nilidhani umeninunia, nami nilikuwa nimekununia pia, nikala Krismasi hivyo hivyo.

Nimekasirika, Mabel, na sijui nimkasirikie nani kwanza. Jana nilikwenda kaburini kwa Mama nikamgombeza kwa sauti, na watu waliokuwa wakipita kwenda kwenye mazoezi ya kwaya wakasimama. Nimewakasirikia nyinyi wote. Kwetu mtoto wa dada ni wa mjomba. Jando lake ni mimi, ndoa yake ni mimi, akiugua anaulizwa mjomba, akikosea anaitwa mjomba. Basi ni mjomba gani huyu ambaye mpwa wake anazaliwa na kufa naye anaandika upepo mwingi, nimenunua wino? Nani alipanga hivi? Mnanipa mzigo wote wa watoto wako halafu mnanificha mtoto! Na mimi nami, niliona nguo za uchanga zimeandikwa mbele ya macho yangu, nikajiambia ni za jirani, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi.

Nilimsomea Yuliana barua zako zote, nikianza na ule mstari wake. Alikwenda mezani kwangu akavichukua vile vitambaa, akavifua kwa sabuni, akavianika. Madoa ya wino hayakutoka. Anavishona pamoja viwe blanketi la viraka, na tangu siku hiyo hanigombezi, ananipita tu kimya. Heri angenigombeza.

Korosho mpya zimenunua pipa la pili. Liko kwa Nurdini, litapanda njia ikikauka kidogo. Usinishukuru, ni la Mama.

Ile tarehe 16 nimeifungua tena. Nimekaa nayo jioni nyingi, kalamu mkononi, nibu ikanikaukia. Sijui niandike nini. Niambie.

Kaka yako,
Cuthbert


Newala
28 Februari 1954

Kaka,

Shikamoo. Edmund anakusalimu, anasema ulivyomkasirikia ni sawa lakini chai ile ilikuwa nzuri.

Amezaliwa mvulana. Amezaliwa ndani ya nyumba, kitandani, mvua ikipiga bati mpaka tulikuwa hatusikilizani. Pipa lako lilikuwa limefika, tukaliweka pembeni mwa la Halfani, na yote mawili yalikuwa yanafurika. Alilia sana. Nilimwambia Mama Mwanaisha asimnyamazishe, amwache kwanza. Jina lake Arthur. Mama Mwanaisha anasema amechukua masikio yako, tunamwombea yabadilike. Blanketi la Yuliana tumelipokea, analala juu yake, na kwenye doa kubwa kuliko yote ndipo anapopapenda. Mwambie wifi yangu akugombeze kidogo, nimemruhusu.

Usidhani mtoto amezima hasira yangu. Nimewakasirikia wewe na Mama, na ule mlima, na wakubwa wanaotuahidi mabomba kila mwaka. Wala sijabadilisha neno juu ya kalamu. Kuandika mihogo na kikohozi kwa nibu ya dhahabu ni upuuzi. Mimi nimerudi kwenye risasi yangu, na Bwana Halfani tukikutana njiani anabana mfuko wa shati, anadhani nataka kumnyang'anya.

Lakini umeniuliza uandike nini.

Fungua ile tarehe 16. Usichane ukurasa. Piga mstari mmoja juu ya homa, ionekane kwamba iliwahi kuandikwa. Chini yake andika hivi: "Leo dada yangu Mabel alijifungua mtoto wa kike njiani, akitoka kuteka maji. Alikuwa na nywele nyingi. Jina lake Maria." Jina nilimpa mwenyewe pale pale ndani ya zile kanga, sijamtajia mtu, hata Edmund. Mimi kalamu ya kuliandika sina tena. Andika kwa yako, polepole, na kabla hujaanza uioshe mpaka maji yatoke bila rangi.

Hapa watu wameanza kuniita Mama Arthur, nami naitika. Wewe usiniite hivyo.

Mdogo wako,
Mama Maria